A. N. Whitehead na Wakati wa Usahihi katika Somo la Hisabati

Katika masomo ya mbinu za kufundishia, majina ya Dewey, Piaget na Bruner huandikwa ubaoni kila mwaka, na walimu wanafunzi huyanakili katika madaftari yao. Jina la Alfred North Whitehead hutajwa kwa nadra; na linapotajwa, aghalabu huandamana na lile la mwanafunzi wake, Bertrand Russell, kwa sababu ya kitabu kikubwa walichokiandika pamoja. Tunaliona jambo hilo kuwa hasara kwa somo la Hisabati. Whitehead ni mtu aliyedai uthibitisho wa kila hatua, hata ile ambayo mtu mwingine angeona haya kuihoji. Na ni yeye huyo huyo aliyesimama mbele ya walimu akawaambia kwamba mtoto asipokewe mlangoni na uthibitisho. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi fikira hizo mbili zilivyokaa katika kichwa kimoja, na jinsi zilivyotulazimisha sisi wakufunzi kuyatazama upya masomo tuliyokuwa tukiyapitisha.

Maisha yake

Whitehead alizaliwa tarehe 15 Februari 1861 katika mji wa Ramsgate, pwani ya kusini-mashariki ya Uingereza. Ualimu ulikuwa kazi ya ukoo: babu yake aliendesha shule mjini hapo, na baba yake aliishika shule hiyo kabla ya kuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Mtoto huyo alidhaniwa kuwa dhaifu wa mwili, hivyo akafundishwa nyumbani hadi alipotimiza miaka 14. Udhaifu huo haukuonekana tena, maana katika shule ya Sherborne, alikopelekwa mwaka 1875, alikuwa nahodha wa michezo. Mwaka 1880 aliingia Trinity College, Cambridge, kusoma Hisabati. Mwaka 1884 akachaguliwa kuwa mmoja wa wanazuoni wa chuo hicho, na huko akafundisha hadi mwaka 1910.

Russell alifika Cambridge mwaka 1890, akawa mwanafunzi wake, kisha mwenzake. Nia yao ilikuwa kuonyesha kwamba Hisabati yote yaweza kujengwa juu ya kanuni chache za mantiki. Lakini mwaka 1901 Russell aligundua ufa katika msingi wenyewe. Tuueleze kwa mfano wa ofisini. Chukua madaftari ya orodha. Baadhi yake hujitaja yenyewe ndani ya orodha, mengine hayajitaji. Sasa andika daftari moja kuu litakaloorodhesha madaftari yote yasiyojitaja, na hayo tu. Je, daftari hilo kuu lijitaje? Likijitaja, limekuwa miongoni mwa yanayojitaja, hivyo halikustahili kutajwa. Lisipojitaja, ni miongoni mwa yasiyojitaja, hivyo lilistahili kutajwa. Huu si mchezo wa maneno tu, kwani nadharia ya seti iliyotegemewa wakati huo iliruhusu kujenga seti ya namna hiyo hasa.

Kuuziba ufa huo kuliwachukua takriban miaka kumi. Tunda lake ni Principia Mathematica, majuzuu matatu yaliyotolewa mwaka 1910, 1912 na 1913. Katika juzuu la kwanza, baada ya zaidi ya kurasa 350 za alama, msomaji hufikia kauli ambayo, kujumlisha kutakapokuwa kumefafanuliwa, itatoa kwamba moja na moja ni mbili. Na ufafanuzi wenyewe humngoja katika juzuu la pili. Matbaa ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilikadiria kwamba kazi hiyo ingeitia hasara ya pauni 600. Ilikubali kubeba pauni 300, Royal Society ikachangia 200, na waandishi wenyewe wakatoa pauni 50 kila mmoja. Ndiyo kusema walilipia haki ya kuthibitisha jambo ambalo kila mtoto wa darasa la kwanza analijua. Mwaka 1931 Kurt Gödel alionyesha kwamba mfumo wowote wa aina hiyo wenye nguvu ya kutosha kubeba hesabu za namba, na usiojipinga, hubaki na kauli za kweli usizoweza kuzithibitisha. Hata hivyo kazi hiyo haikuwa bure, na mantiki ya karne iliyofuata imepita juu ya njia waliyoifyeka.

Mwaka 1910 Whitehead aliacha Cambridge akahamia London bila kuwa na kazi mkononi. Alifundisha University College, kisha kuanzia mwaka 1914 akawa profesa wa hisabati tumizi katika Imperial College. Kwetu sisi miaka hiyo 14 ya London ndiyo yenye uzito. Huko aliingia katika kamati na mabaraza ya elimu, na kwa miaka kadhaa aliongoza baraza lililosimamia Goldsmiths' College, chuo kikubwa cha kuandaa walimu. Aliona vijana wa mafundi na makarani wakitafuta elimu baada ya saa za kazi, na mwenyewe alikiri baadaye kwamba mambo hayo yalibadili fikira zake juu ya elimu. Miaka hiyo ilikuwa pia ya msiba: mwanawe mdogo, Eric, aliyekuwa rubani wa vita, aliuawa Ufaransa mwezi Machi 1918.

Kipindi cha mwisho tunakipita haraka. Mwaka 1924, akiwa na umri wa miaka 63, umri ambao wengi hufikiria kustaafu, aliitwa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kufundisha falsafa. Huko aliandika vitabu vilivyompa jina miongoni mwa wanafalsafa, na tarehe 30 Desemba 1947 akafariki. Nyaraka zake ziliteketezwa kama alivyotaka.

Maarifa yaliyolala

Mwezi Januari 1916, akiwa rais wa chama cha walimu wa hisabati cha Uingereza, alitoa hotuba juu ya madhumuni ya elimu. Adui aliyemlenga ni yale tutakayoyaita maarifa yaliyolala, yaani mambo yanayopokelewa na kichwa bila kutumiwa, bila kujaribiwa, wala kuunganishwa na mengine. Alieleza kwamba mtoto hupewa aljebra isiyomfikisha popote, kisha jometri isiyomfikisha popote, na kadhalika somo baada ya somo. Dawa yake ilikuwa na sehemu mbili: mambo yafundishwayo yawe machache, na hayo machache yafundishwe kwa kina hadi yakamatane.

Kuna pendekezo moja katika hotuba hiyo ambalo, tulipolisoma mara ya kwanza, tulidhani tumekosea kuelewa. Alishauri wanafunzi wapelekwe kupima shamba kwa vifaa rahisi, wachore ramani yake kwa skeli na kutafuta eneo lake. Kanuni za jometri zinazohitajika wapewe kwanza bila uthibitisho. Uthibitisho wajifunze katika muhula ule ule, kazi ya kupima ikiwa inaendelea. Mtu aliyengoja kurasa 350 kuifikia moja na moja anawaambia walimu waikopeshe kanuni kwanza, na deni lilipwe baadaye!

Ufafanuzi wa fumbo hili ulikuja mwaka 1922, katika hotuba aliyowapa wakufunzi wa vyuo vya ualimu, watu wa kazi yetu hasa. Alisema kujifunza kuna mwendo wa hatua tatu, na mwendo huo hurudiwa tena na tena, mwaka hadi mwaka na hata ndani ya somo moja. Ya kwanza ni hatua ya mvuto, ambapo akili hukutana na jambo jipya, hushtuka, huuliza, hushika hapa na pale bila mpango. Ya pili ni hatua ya usahihi: majina, kanuni, mazoezi, mpangilio. Ya tatu ni hatua ya upanuzi, ambapo mwanafunzi huyarudia yale mambo ya kwanza akiwa sasa na silaha. Kosa la shule, kwa maoni yake, ni kuanzia hatua ya pili, kwa kuwa usahihi usiotanguliwa na kitu cha kusahihisha ni mtupu. Yafaa ikumbukwe kwamba hakusema usahihi si lazima. Mwenye Principia hangeweza kusema hivyo.

Bustani ya shule

Sasa tueleze kisa chetu. Tulikuwa tukisimamia walimu wanafunzi katika shule moja ya msingi. Mwalimu mwanafunzi mmoja alifundisha eneo la mstatili, darasa la sita. Andalio la somo lilikuwa safi, nasi wenyewe tulikuwa tumelipitisha. Zana zilikuwapo, ubao uligawanywa vizuri, na watoto walijibu kwa sauti moja: urefu mara upana. Mazoezi matano ya kitabuni yalifanywa, na wengi wakapata yote. Katika fomu ya tathmini tukampa alama za juu.

Zilikuwa zimebaki dakika chache. Nje ya dirisha palikuwa na bustani ya mchicha ambayo watoto hao hao walikuwa wameipalilia asubuhi. Tukawauliza eneo lake. Kimya. Kisha msichana mmoja wa mbele akauliza kwa adabu, "Mwalimu, urefu wake umetupa ngapi?"

Hakukosea kwa mujibu wa alivyofundishwa. Katika kila swali alilopata kuliona, urefu ni kitu ambacho mwalimu hukitoa. Hakuwahi kukutana na urefu ambao bado haujaandikwa. Tuliitazama ile fomu tuliyoijaza na hatukuona mahali popote ambapo swali la msichana yule lingeweza kuingia.

Siku ya pili tuliomba kipindi hicho tena, tukatoka na kamba ya katani iliyofungwa mafundo kila baada ya mita moja. Watoto wakapima: ubavu mrefu mita 20, na wa pili yake mita 20, ubavu mfupi mita 12, na wa pili yake 12. Wakapiga hesabu papo hapo, mita za mraba 240, wakataka kurudi darasani. Mvulana mmoja akakataa. Baba yake ni fundi mwashi. Alisema nyumba haipimwi mbavu peke yake. Hupimwa pia kutoka pembe hadi pembe. Kamba ikavutwa kwa mshazari: upande mmoja mita 20, upande wa pili ikapita 26. Bustani haikuwa mstatili. Ilikuwa imelala upande, msambamba, na jicho halikuliona hilo kwa sababu ya mchicha. Ikabidi kutafuta kimo, ambacho kilikuwa kiasi cha mita 11 na nusu, na eneo likawa karibu mita za mraba 230. Zile mita kumi zilizopotea zilizua ubishi ambao kengele haikuukomesha.

Tungependa kuishia hapo, lakini haingekuwa haki kwa msomaji. Kwa furaha ya bustani, muhula uliofuata tuliwahimiza walimu wanafunzi wetu wote waanze nje. Walianza nje, na baadhi yao hawakurudi ndani. Kamba zilivutwa, watoto walicheka, na katika jaribio la mwisho wengi waliandika eneo kwa mita badala ya mita za mraba, na wengine walichanganya eneo na mzingo. Hatua ya mvuto ilikuwa imekula muda wote wa hatua ya usahihi. Tulikuwa tumemsoma Whitehead nusu.

Liko pia jambo ambalo hatukubaliani naye. Alipinga mitihani inayotungwa nje ya shule kwa shule zote kwa pamoja, akataka kila shule itoe vyeti kwa mtaala wake yenyewe uliokaguliwa. Hoja yake kwamba mtihani wa nje huua ubunifu wa mwalimu ni ya kweli, nasi tunaiona kila mwaka watoto wanapokaririshwa maswali ya miaka iliyopita. Ila kwa mtoto wa kijijini ambaye shule yake haijulikani na mtu, karatasi ile ile anayofanya mtoto wa mjini ndiyo shahidi pekee asiyeuliza ametoka wapi. Kumnyang'anya shahidi huyo kabla ya kumpa mwingine si jambo la kufanywa kwa haraka.

Baada ya makosa hayo tuliupanga upya mfululizo wa vipindi. Viwili vya kwanza ni vya nje, na katika hivyo hakuna kanuni inayoandikwa. Watoto hupima, hubishana na kuchora kwa skeli. Vitatu vinavyofuata ni vya ndani, na humo hatuoni haya kudai mazoezi mengi, vipimo sahihi na maelezo yaliyoandikwa kwa ukamilifu. Kipindi cha mwisho hutoka nje tena, safari hii kwa ajili ya mbinu ya mafundi wa ujenzi: hupima mita 3 upande mmoja wa pembe na mita 4 upande wa pili, na kamba inayounganisha ncha hizo ikiwa mita 5 kamili, pembe ni mraba. Fundi hahitaji kujua sababu. Kuta zake husimama. Lakini mtoto aliyeona bustani ikimdanganya huuliza mwenyewe kwa nini 3, 4 na 5, na si 3, 4 na 6. Hapo ndipo mwalimu mwanafunzi huchora pembetatu mraba ardhini, na mraba juu ya kila ubavu, akaanza kuwahesabisha: 9, na 16, na 25. Na anapowauliza kama jambo hilo ni kweli kwa pembetatu mraba zote, au kwa hii moja tu, huwa amefika mlangoni pa uthibitisho, na watoto wenyewe ndio wanaobisha hodi.

Fomu ya tathmini nayo tumeiongezea mstari mmoja, ambao msimamizi huujaza baada ya kumuuliza mtoto mmoja, aliyechaguliwa bila mpango, swali lisilo na namba ndani yake.