Vidonge vya Dharura vya Kuzuia Mimba: Onyo kwa Wahudumu na Watumiaji Guangzhou

Kijitabu hiki kimetolewa kufuatia malalamiko ya wanawake wa Afrika Mashariki wanaoishi na kufanya biashara Xiaobei na Sanyuanli, jijini Guangzhou, kwamba wanapotafuta vidonge vya dharura, ambavyo wengi huviita P2, huhojiwa kwanza kuhusu mume, umri na mwenendo wao, ilhali dawa yenyewe hupungua nguvu kila saa inayopita.

Kosa linalozaa mengine ni imani ya baadhi ya wahudumu wa afya kwamba vidonge hivyo hutoa mimba. Levonogestreli, homoni iliyomo katika vidonge vingi vya aina hii, huchelewesha kupevuka kwa yai, yaani hulizuia kutoka kwenye ovari wakati mbegu za mwanamume zingali hai; mimba iliyokwisha kutunga haiharibiki, na mhudumu anayefundisha kinyume anapotosha. Elimu hii imetolewa kwa bidii kwa miaka mingi, na kisingizio cha kutojua hakikubaliki tena.

Muda ni saa 72, na kila inapowezekana dawa imezwe siku ile ile. Kipimo ni miligramu 1.5 kwa mara moja; anayetapika kabla ya saa 2 kupita ameze tena. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu au efavirenzi ya VVU asitegemee kipimo cha kawaida, bali apewe maradufu au awekewe kitanzi cha shaba, ambacho hufaa hadi siku 5 na hushinda vidonge vyote kwa uhakika. Masharti mengine ni machache: mwanamke yeyote mwenye uwezo wa kushika mimba anaweza kuvitumia.

Nchini China vidonge vya levonogestreli vimeuzwa bila cheti cha daktari tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, lakini maandishi ya boksi ni ya Kichina, na hapo ndipo hatari ilipo. Mnunuzi atafute 左炔诺孕酮, jina la levonogestreli, pamoja na 紧急避孕, yaani kuzuia mimba kwa dharura. Boksi lenye 米非司酮 ni la mifepristoni, ambayo China huitumia kwa dharura kwa kipimo cha miligramu 10 au 25. Mifepristoni ya kutoa mimba hairuhusiwi kuuzwa madukani. Vidonge vya kumezwa mara moja kwa mwezi, vyenye homoni nyingi, si vya dharura kabisa, na aina iliyojulikana Kenya kwa jina la Sofia iliuzwa huko bila kusajiliwa. Vidonge hivyo visinunuliwe, visifungwe katika mizigo ya kupeleka nyumbani, wala mama anayenyonyesha asivimeze.

Aliyebakwa apewe pia dawa za kinga dhidi ya VVU ndani ya saa 72, bila kusubiri karatasi za polisi. Mhudumu ambaye imani yake haimruhusu kutoa vidonge hivi anatakiwa kumkabidhi mwanamke kwa mwenzake papo hapo, wala asimwambie arudi kesho.