Mgeni na Bei ya Soko

Ndugu Waislamu, somo letu ni katika habari za Ibn Battuta wa Tanja, aliyefika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1331, akapita Mogadishu, Mombasa na Kilwa.

Asimulia kwamba jahazi ilipofika Mogadishu, vijana wa mji waliiendea kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humpa chakula mfanyabiashara mmoja na kusema: huyu ni mgeni wangu. Mgeni hushukia nyumbani kwake, na mwenyeji ndiye amwuziaye na kumnunulia. Anunuaye kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au amwuziaye hali mwenyeji wake hayupo, biashara hiyo kwao hurudishwa. Na watu wa Mombasa aliwasifu kwa dini yao. Akaona misikiti ya mbao, na visima milangoni ambapo aingiaye huosha miguu.

Desturi ile ya Mogadishu yaafikiana na sheria. Mtume (S.A.W.) alikataza kuulaki msafara njiani ili kununua mali kabla haijafika sokoni. Wanazuoni wa Kishafii wamesema: biashara hiyo yasihi, lakini mwenye mali akifika sokoni, akaona amepunjwa, ana hiari ya kuivunja. Sababu yake ni wazi: kutojua kwa mgeni si faida ya mwenyeji.

Sasa tutazame mitaa yetu. Pumwani ilifunguliwa mwaka 1922, zama za ukoloni, na Waislamu wa Majengo wakajenga nyumba, wakawapangisha vyumba waliokuja Nairobi kutafuta riziki. Wengi wetu tu wageni au watoto wa wageni. Lakini leo, katika masoko kama Gikomba, hutoka mtu katika swala ya alfajiri, miguu ingali mibichi kwa udhu, akalikimbilia lori la mkulima, akamwambia bei imeanguka hali ajua imepanda. Huyo ameosha miguu; ulimi hakuuosha.

Husemwa: biashara ni ujanja. Sivyo. Faida ni halali, na ujira wa dalali ni halali ukijulikana kwa pande zote mbili. Kilicho haramu ni uwongo. Basi ampokeaye mkulima na ampe kwanza bei ya leo, kisha wapatane. Na aliyekwisha kumpunja mtu, amtafute amrudishie haki yake, kabla ya siku ambayo hapatakuwa na fedha ya kulipia.

Wallahu aalam.