Ukinyimwa Nyumba kwa Sababu ya Umri

Mzee wa miaka 63 anaomba nyumba katika mpango unaofadhiliwa na serikali. Kwenye kaunta anaambiwa, "Mzee, hizi ni za vijana." Hapewi barua yoyote. Je, ana kesi?

Anayo. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi kwa misingi ya umri. Kinamlinda pia kijana wa miaka 22 anayefukuzwa kwa kuambiwa bado ni mtoto.

Shida ni ushahidi, kwani maneno ya kaunta hukanwa kesho yake. Kwa hivyo mlalamishi aanze kwa kuandikia ofisi husika akitaka sababu za kunyimwa. Nakala yake ipigwe mhuri wa kupokelewa. Chini ya sheria ya mwaka 2015 kuhusu haki katika maamuzi ya kiutawala, afisa ana siku 30 za kujibu kwa maandishi. Asipotoa sababu za kutosha na uamuzi upelekwe kupitiwa upya, utachukuliwa kuwa haukuwa na sababu nzuri, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Barua ya ukurasa mmoja ina nguvu kuliko ziara kumi ofisini.

Lalamishi la ubaguzi hupelekwa kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa. Ikiwa tatizo ni kuzungushwa au kupuuzwa na maafisa, lipelekwe kwa Ombudsman. Kote kuwili linaweza kutolewa kwa mdomo, hivyo asiyejua kuandika hazuiwi.

Swali gumu zaidi katika uchunguzi ni la malipo. Ofisi itasema mzee hatamaliza deni. Je, alipimwa kwa pensheni na mapato yake kama waombaji wengine, au ilitazamwa tarehe ya kuzaliwa pekee? Masharti ya mpango na majibu waliyopewa wengine ndiyo yatakayoonyesha. Lakini si kila tofauti ni ubaguzi: kuwatengea wazee nyumba za ghorofa ya chini ni jambo la busara.

Tume hizi zina uwezo wa kupatanisha. Mapatano yanaweza kuwa ombi kupokelewa upya au sharti kufutwa. Yaandikwe, yawe na tarehe ya utekelezaji. Kuombwa radhi pekee hakumpi mtu nyumba.

Yakishindikana, Mahakama Kuu ipo, na Katiba inasema kesi ya kutetea haki za kimsingi haitozwi ada ya kuanzishwa. Ila jambo likishafika mahakamani, tume huacha kulichunguza.