Kifungo Kisichofunga Nguo

Mkusanyo wangu wa vifungo vya zamani ulianzia Tengeru, sokoni, siku ya Jumamosi, kilomita chache tu kutoka kwetu Akheri. Mama mmoja wa Kimaasai alikuwa akiuza ushanga mkuukuu wa shingoni, na katikati yake kulishonwa kifungo cheupe cha ganda la chaza.

1. Uliza kwanza. Nilimwamkia, nikamuuliza kifungo kile kilitoka kwenye shati gani. "Mwanangu, hicho hakijawahi kukaa kwenye shati," akanijibu. Lubega hufungwa fundo begani, haihitaji kifungo. Basi akina mama walipovipata vifungo kwa wachuuzi, pamoja na shanga za kioo za Bohemia, waliviona kama pambo tu, vyeupe kama maziwa.

2. Japani nako kifungo kilikuwa mgeni. Jambo hili lilinikosesha usingizi. Kimono hufungwa kwa mkanda uitwao obi, na mwanamume alining'iniza kifuko chake hapo kwa kizuizi kidogo cha kuchongwa, netsuke. Enzi ya Meiji, 1868 hadi 1912, mafundi wa Satsuma walitengeneza vifungo vya udongo wa rangi ya malai, vyenye nyufa nyembamba kama nywele na maua ya dhahabu, wakawauzia Wazungu. Ninacho kimoja. Nimekilaza kando ya kile cha Tengeru. (Netsuke za pembe za ndovu sizigusi hata nikipewa bure. Ndovu wetu wamekufa vya kutosha.)

3. Gusisha jino. Ganda na kioo ni baridi, plastiki haina ubaridi huo. Wako wanaochoma kwa sindano ya moto ili kupima, usithubutu. Kovu halitoki, na seluloidi ya zamani hushika moto upesi.

4. Usioshe. Hili nililipia. Niliutumbukiza mkufu wa zamani kwenye beseni la maji ya sabuni nikidhani naufanyia wema. Ngozi ilikakamaa, uzi wa ukano ukakatika, shanga zikatawanyika sakafuni. Niliziokota zote, lakini mpangilio wa rangi sikuukumbuka, na aliyeutunga alishafariki. Shanga zile bado zimo kwenye kikombe. Siku hizi napiga picha kabla sijagusa kitu, kisha natumia brashi laini, kavu.

5. Kuna vya kuacha. Mwaka jana mama yule wa Tengeru alitaka kuniuzia ushanga wake wa harusi, ada ya shule ilikuwa imembana. Mkono wangu ulishaingia mfukoni. Nikamwomba abaki nao, anitungie mwingine mpya, nikamlipa yote papo hapo.

Aliuleta baada ya wiki tatu. Pembezoni ameshona vifungo vinne vya plastiki, vya shati la shule la mwanawe lililombana. Nimeviandikia kadi yake, na tarehe, kama kile cha Satsuma.