Uzazi Wakati wa Dhiki

Swali linaloletwa mara kwa mara katika darasa zetu ni hili. Je, yafaa mume na mke kuakhirisha kuzaa kwa kuwa kazi zimekatika na matumizi hayatoshi? Tutalijibu kwa urefu kidogo, kwani wako wanaolikataza kabisa bila ya dalili, na wako wanaoliruhusu bila ya mpaka.

HALI ILIVYO

Miji ya Malindi na Watamu kwa miaka mingi imekula kwa wageni. Wakati wa kaskazi hoteli hujaa. Ikiingia masika, nyingi hufungwa, na mpishi, dobi, mwenye mashua na muuza samaki wote hungojea. Hiyo ni dhiki ya kila mwaka na watu wameizoea. Lakini mwezi wa Machi 2020 ndege za abiria kutoka nchi za nje zilisimamishwa kwa sababu ya maradhi ya korona, zisirudi mpaka Agosti 1. Na tangu Aprili 8 mpaka Juni 6 watu walizuiwa kuingia na kutoka Kilifi yote. Nyumba nyingi zilikatikiwa na mshahara kwa ghafla. Na watu wa Kilifi mjini wangali wanakikumbuka kiwanda cha korosho kilichofungwa katika miaka ya 1990.

Dhiki ya namna hii huingia mpaka chumbani. Kijana huakhirisha ndoa. Mume humwamrisha mkewe asizae. Mke huenda zahanati kwa siri akapigwa sindano ya kuzuia mimba. Baba mwingine humwoza binti yake angali mdogo ili apunguze wa kulishwa. Na wako, twajikinga kwa Mwenyezi Mungu, wanaotoa mimba.

Wala mtu asidhani kuwa dhiki daima hupunguza uzazi. Marekani, uchumi ulipoanguka baada ya mwaka 2007, watoto waliozaliwa walipungua. Lakini Kenya yetu, ambayo serikali yake ilianzisha mpango wa uzazi mwaka 1967, ilikuwa na wastani wa watoto 4.7 kwa kila mwanamke mwaka 1998, na mwaka 2003, baada ya miaka ya uchumi dhaifu, wastani ukawa 4.9. Haukuendelea kushuka ila baadaye, ukafika 3.4 mwaka 2022. Basi dhiki peke yake haimpangii mtu uzazi. Mwanamke aliyekosa nauli ya kwenda zahanati, au akafika akaambiwa dawa hamna, hakupata hata nafasi ya kuchagua.

HUKUMU YAKE

Kwanza, tuzitazame aya mbili zinazotajwa sana katika jambo hili: Sura Al-An'am aya 151, na Sura Bani Israil aya 31. Zote mbili zakataza kuwaua watoto kwa sababu ya umaskini. Wafasiri wameonyesha tofauti yake. Ya kwanza yasemeshwa na wazazi ambao umaskini umekwisha wafika. Kwa hiyo Mwenyezi Mungu ametanguliza kuahidi riziki ya wazazi, kisha ya watoto. Ya pili yasemeshwa na wanaouogopa umaskini ambao haujaja. Kwa hiyo ametanguliza riziki ya watoto, ili mzazi ajue kwamba mtoto hali riziki ya babake. Basi shida iliyopo ni jambo moja, na hofu ya shida ni jambo jingine. Kila mmoja na ajiulize yumo katika lipi. Lakini makatazo ya aya hizi ni ya kuua. Anayezitumia kuharimisha kuzuia mimba ameziweka pasipo mahali pake.

Pili, Jabir bin Abdillah (r.a.) amepokea, katika Bukhari na Muslim, kwamba Masahaba walikuwa wakifanya azli, yaani kumwaga nje, hali Qur'ani ingali ikishuka. Imam Ghazali katika Ihya amehesabu kuogopa taabu ya wingi wa watoto kuwa ni nia isiyokatazwa, japokuwa ameona kutawakali ni bora zaidi. Na akatia katika nia mbaya kuogopa kuzaa watoto wa kike. Na Imam Shafi, ambaye sisi watu wa pwani twafuata madhehebu yake, ameifasiri kauli ya mwisho ya aya ya 3 ya Sura An-Nisaa kuwa makusudio yake ni kutokuwa na wingi wa watu wa kulishwa, ingawa wafasiri wengi wameifasiri kuwa ni kutodhulumu.

Tatu, jambo hili ni la shauri. Katika Sura Al-Baqara aya 233, hata kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka miwili kumeshurutishwa ridhaa na mashauriano ya wazazi wawili. Kuzuia mimba ni kukubwa kuliko hivyo. Mume anayeamrisha amekosa, na mke anayeficha amekosa. Lakini mume na ajiulize kwanza ni kwa nini mkewe aliogopa kusema naye.

Nne, dhiki ni msimu, nao hupita. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lililokutana Kuwait mwaka 1988 liliruhusu kuzuia mimba kwa muda, kwa mashauriano na ridhaa ya mume na mke, pasiwe na madhara. Likaharimisha kukata uzazi moja kwa moja, wa mume au wa mke, ila kwa dharura ya kisheria; na likakataza kutungwa sheria ya kuwalazimisha watu. Basi msifunge milele mlango kwa sababu ya hofu ya mwaka mmoja.

WAJIBU WA WENYE NACHO

Latubakia neno kwa matajiri. Si uungwana mwenye duka lililojaa kumwambia jirani aliyeachishwa kazi, "Tawakali, uzae," hali zaka yake hajaitoa. Wala si uungwana kulalamika kuwa vijana hawaoi, na mahari ya binti yake hayafikiliki. Anayehimiza kuzaa na asaidie kulea.

Mwenyezi Mungu azikunjue riziki zetu, na azitie nyumba zetu mapenzi na mashauriano. Amin.