Leseni ya Mshauri Nasaha Haivuki Mpaka Hivi Hivi

Kikundi kikikaa kupanga harambee ya kumpeleka kijana Marekani kusomea ushauri nasaha, maswali huwa mawili: karo ni ngapi, na nauli je? Kuna la tatu, ambalo mara nyingi huulizwa pesa zikiwa zimeshakwisha: akimaliza, ataruhusiwa kufanya kazi wapi? Leo tujifunze hilo la tatu.

Tuanze hapa kwetu. Mwaka wa 2014 Kenya ilipata Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, ikaunda bodi moja ya kuwasajili na kuwapa leseni. Ni sheria ya nchi nzima. Mshauri mwenye leseni akitoka Kitui akahamia Kakamega, hatafuti nyingine eti kwa sababu amevuka kaunti. Basi sisi hudhani kwingine ni vivyo hivyo.

Marekani sivyo. Kule leseni hii haitoki kwa serikali kuu. Majimbo ni 50 na kila moja lina sheria yake na bodi yake. Virginia ilitangulia kuwapa washauri leseni mwaka wa 1976. California ikawa ya mwisho kupitisha sheria, mwaka wa 2009. Hiyo ni miaka 33 ya kila mtu kupika githeri yake bila kuonja ya jirani. Hata jina la leseni halifanani: Texas utaona herufi LPC, New York LMHC, California LPCC. Na cha kushangaza, leseni ya gari ya Texas inakubalika barabarani New York, lakini ile ya kumshauri mtu aliyefiwa haikubaliki.

Njia yenyewe ni ndefu. Kwanza digrii ya pili, yaani uzamili. Majimbo mengi yanataka krediti 60. Halafu kazi chini ya msimamizi mwenye leseni. Texas wanataka saa 3,000, na nusu yake awe ameketi na wateja wenyewe. New York pia saa 3,000. Kufikia hapo unaweza kusema, si ni sawa tu? Mtihani ndio unaowatenganisha. Kuna mitihani miwili ya kitaifa. Texas inakubali wowote kati ya hiyo miwili. California inataka ule wa kutibu wagonjwa, na juu yake mtihani wa sheria na maadili ya California yenyewe.

Sasa fikirieni binti wa kikundi aliyefanya saa 1,800 jimbo moja, akaolewa, akahamia lingine. Zile saa ni bodi mpya itakayoamua kama itazihesabu. Kama msimamizi wake alistaafu bila kutia sahihi, kazi ya zaidi ya mwaka inaweza kupotea. Kwa maoni yetu, hapa ndipo harambee nyingine huanza bila mtu kuitangaza: simu zinapigwa usiku, anaomba pesa za mtihani, pesa za ada, na nyumbani watu wanasema mtoto amebadilika.

Kwa hivyo kabla ya mchango wa kwanza, kijana achague jimbo atakaloishi, siyo chuo peke yake, kisha aiandikie bodi ya jimbo hilo aulize kama kozi hiyo inatosha. Aweke silabasi zote. Kila mwezi fomu ya saa zake itiwe sahihi, abaki na nakala. Na asidhani simu itamsaidia kukwepa mpaka: kwa kawaida sheria huangalia mahali mteja alipoketi, siyo mshauri. Akirudi nyumbani vilevile, leseni ya Marekani haimpi ruhusa hapa. Itabidi aombe kwa bodi yetu.

Washauri wenyewe wamechoka na mambo haya. Wakatengeneza mkataba wa majimbo: mwenye leseni kamili ya jimbo lake, lililo ndani ya mkataba, anaomba ruhusa ya kufanya kazi kwa mwanachama mwingine bila kuanza upya. Georgia na Maryland walijiunga kwanza, 2021. Ulihitaji majimbo 10 ili uanze kuwa na nguvu, yakapatikana 2022. Lakini kutunga sheria na kufungua mlango ni vitu viwili: ruhusa za kwanza zilianza kutolewa 2025, Arizona na Minnesota. Na mkataba huu haumsaidii yule ambaye bado anahesabu saa zake.

Ya kujadiliana kikundini:

Je, tuna kijana aliye masomoni nje ambaye hatujui leseni yake itatoka bodi gani? Nani atamwandikia?

Je, tukitoa karo, tutatenga pia ya miaka ile ya kazi chini ya msimamizi, au tutamwacha hapo katikati?

Na huyu anayetushauri sisi hapa kijijini, kuna mtu amewahi kumwomba atuonyeshe leseni yake?