RANGI KAMA LUGHA: MATUMIZI YA RANGI KATIKA NYARAKA NA MAWASILISHO YA KIBIASHARA

1. Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii yafaa kukumbukwa na yeyote anayeandaa ripoti ya mauzo, tangazo la biashara au slaidi za kutetea pendekezo la utafiti. Tangu printa za rangi zienee maofisini na vyuoni, rangi imekuwa rahisi kupatikana na, kwa sababu hiyo, rahisi kutumiwa vibaya. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba rangi ni lugha, na kwamba Kiswahili chenyewe kina funzo kuhusu mpangilio wake.

2. Funzo la Kiswahili

Kiswahili kina vivumishi vitatu asilia vya rangi ambavyo huchukua viambishi vya upatanisho: -eusi, -eupe na -ekundu. Husemwa kitambaa cheusi, karatasi nyeupe, maua mekundu. Rangi nyingine nyingi huundwa kwa a-unganifu na jina la kitu: kijani hutokana na jani, kijivu na jivu, manjano na kiungo cha mapishi, zambarau na tunda. Hali hii inaafikiana na maelezo ya Brent Berlin na Paul Kay (1969) kwamba lugha yenye istilahi mbili za kimsingi za rangi huwa na nyeusi na nyeupe, na inapoongezeka ya tatu huwa nyekundu. Kisutu, kanga inayohusishwa na arusi za Waswahili, imejengwa kwa rangi hizohizo tatu.

Mpangilio huo waweza kumwongoza mwandalizi wa waraka. Kwanza weusi na weupe, ili maandishi yasomeke. Pili rangi moja ya kuvuta jicho pale penye uzito. Rangi nyingine zifuate tu iwapo kila moja ina kitu inachokiwakilisha.

3. Tofauti ya Mwangaza

Kinachofanya maandishi yasomeke ni tofauti ya mwangaza baina yake na ukurasa unaoyabeba, wala si uzuri wa rangi. Miongozo ya kimataifa ya W3C kuhusu maudhui ya tovuti, toleo la 2008, iliweka uwiano usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Ingawa ilikusudiwa skrini, kanuni yake hufaa karatasi pia. Nyeusi juu ya nyeupe hutoa 21 kwa 1. Nyekundu kamili ya kompyuta juu ya nyeupe hutoa 4 kwa 1: yafaa kichwa kikubwa, haifai aya nzima. Manjano kamili juu ya nyeupe hufikia takribani 1.1 kwa 1 tu. Msomaji aliyeketi nyuma ya ukumbi hataona kitu.

Mtego mkubwa zaidi ni nyekundu na kijani katika grafu moja. Rangi hizi zinapokaribiana kwa mwangaza, mashine ya kurudufu huzigeuza kuwa kijivu kimoja, na wajumbe wenye nakala za fotokopi hushindwa kujua mstari upi ni wa faida na upi ni wa hasara. Aidha, miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takribani 8 kwa kila 100 wana upungufu wa kutofautisha rangi hizi mbili. Kiwango hutofautiana baina ya jamii. Dawa yake ni kuandika jina kando ya kila mstari, au kutumia mstari wa vitone sambamba na ule usiokatika.

Bendera ya Kenya, iliyopandishwa tarehe 12 Desemba 1963, ni mfano mwafaka. Nyeusi, nyekundu na kijani zimetenganishwa kwa milia myembamba myeupe. Weupe huo huashiria amani, lakini pia hulisaidia jicho kuona mpaka wa kila rangi.

4. Skrini na Karatasi

Skrini huunda rangi kwa kuchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Mtambo wa kuchapa hutumia wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Kwa hivyo buluu inayong'aa kwenye kompyuta huweza kufifia karatasini. Mwandalizi hana budi kuchapa ukurasa mmoja wa majaribio kabla ya kuagiza nakala nyingi.

5. Rangi na Muktadha

Kama neno, rangi hupata maana kutokana na muktadha. Katika uhasibu nyekundu huashiria hasara, ilhali katika soko la hisa la Uchina huashiria kupanda kwa bei. Nchini Kenya, chungwa lilikuwa alama ya kura ya kupinga rasimu ya katiba mwaka 2005, na baadaye likatwaliwa na chama cha siasa. Kampuni inayochapa matangazo yake kwa rangi hiyo wakati wa kampeni yaweza kusomwa kwa namna isiyokusudia.

6. Hitimisho

Makala haya yamebainisha kuwa rangi hukamilisha maana iliyokwisha kujengwa kwa maneno na mpangilio. Jaribio lake ni jepesi: waraka urudufiwe kwa nyeusi na nyeupe. Ujumbe ukibaki wazi, rangi ni msaada. Ujumbe ukipotea, rangi ilikuwa imebebeshwa mzigo usio wake, na waraka huo utalazimika kujitembeza.